King'ora, Mpuliza Saksafoni wa Bendi ya Kiwanda cha Nguo

Huyu tunayemsindikiza leo alikuja duniani Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha kinyozi. Kinyozi huyo ndiye aliyekuwa baba yake. Mama yake alikuwa dobi wa hospitali. Marehemu alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita, na wa kwanza wa kike. Mdogo wake, wa tano kuzaliwa, ndiye anayewasomea haya, naye anaomba radhi mapema. Ameyaandika kwa siku mbili kwenye meza ya jikoni, baada ya miezi saba ya kusinzia kwenye viti vya wodini, na kuna mahali yatachechemea.

Nyumbani ilisimuliwa kwamba alipozaliwa alilia kwa sauti ambayo haikutarajiwa kutoka kwa kitu kidogo kiasi kile. Upande wa pili wa ukuta baba alikuwa na mteja kitini, akashtuka, akamkwangua sikio. Mteja yule aliendelea kunyolewa hapohapo miaka yote, na kila alipomwona marehemu akipita alishika sikio lake. Mama alikuwa akisema, "Huyu ana kifua cha ng'ombe." Kifua hicho ndicho habari yenyewe ya maisha yake, kwa hiyo mtuvumilie tukikitaja tena na tena.

Alisoma shule ya msingi ya mtaa wetu kuanzia Januari 1958 hadi mwisho wa darasa la nane mwaka 1965. Shule ilikuwa na bendi ya matarumbeta yaliyobonyea, ikiongozwa na mwalimu wa hesabu aliyehesabia mapigo kwa rula. Wasichana waliruhusiwa kuimba tu. Alipokuwa darasa la sita, mpuliza tarumbeta mmoja alipata matubwitubwi, mashavu yakavimba, na sherehe ya shule ilikuwa keshokutwa. Marehemu akanyoosha mkono. Mwalimu, kwa kuwa hakuwa na mwingine, akampa. Matubwitubwi yalipona baada ya wiki mbili, lakini tarumbeta haikurudi kwa mwenyewe. Angependa kuendelea na masomo. Baba alifariki Novemba mwaka ule wa mwisho, na kwa miaka mitatu binti alisimama kwenye karo la kufulia la hospitali pamoja na mama, wakifua mashuka.

Jumatatu, tarehe 3 Machi 1969, aliajiriwa kiwanda cha nguo. Walimpeleka chumba cha kuchambulia pamba, ambako marobota hufunguliwa na mashine huichana pamba ikawa laini kabla ya kwenda kusokotwa. Waliofanya kazi humo wanakumbuka. Vumbi la pamba lilikuwa hewani kama unga, likituama kwenye nyusi na kope, na saa ya chakula walitoka wote wakiwa vikongwe kwa dakika mbili, hadi wapanguse. Kitambaa cha kuziba pua kilitolewa kimoja kwa mwaka. Mdogo wake alipoajiriwa mwaka 1974, kama fundi wa mitambo upande wa kufuma, alimkuta dada amezoea kiasi kwamba alipiga chafya siku za mapumziko tu.

Bendi ya Kiwanda ilianzishwa mwaka 1971 na afisa utumishi, aliyedhani muziki ungepunguza utoro. Haikuwahi kuwa na jina jingine. Kiongozi wake alikuwa fundi rangi, mpiga gitaa la solo, mtu mrefu mwenye kucha za buluu ambazo hakuna sabuni iliyowahi kuzing'arisha. Walikuwa na vyombo vyote isipokuwa mtu wa saksafoni. Aliyekuwepo alihama na kuiacha kwenye sanduku lake, na sanduku likageuzwa kiti. Siku moja kantini, marehemu alimwendea fundi rangi akiwa na sahani mkononi, akamwomba asimame ili alifungue sanduku alilokalia.

Fundi rangi alimuuliza kama amewahi kuipuliza. Alijibu hapana, alipuliza tarumbeta shuleni.

"Sasa hii utaiweza vipi?"

"Nipe wiki mbili na ufunguo wa stoo ya pamba."

Stoo aliichagua kwa akili. Marobota yaliyopangwa hadi darini yalimeza sauti, na humo mtu angeweza kukosea bila kuchekwa. Lakini siku ya nane aliacha mlango wazi kwa sababu ya joto, akapata noti moja nzuri, akaivuta hadi pumzi yake ilipoishia. Chumba cha kusokota kizima kikadhani king'ora cha chakula kimelia. Watu mia na arobaini walizima mashine wakaelekea kantini, saa nne na nusu asubuhi. Mpishi alikuwa bado anachagua mchele. Msimamizi alimwandikia barua ya onyo, na wenzake wakampa jina alilokufa nalo. Barua ile aliitunza kwenye Biblia ya mama.

Ufunguo wa stoo ulikuwa wa mtunza stoo, kijana mkimya aliyejua idadi ya marobota kwa kutazama tu. Ilibidi akae mlangoni wakati wa mazoezi, maana hakuruhusiwa kuacha mali ya kiwanda na mtu. Akakaa hivyo karibu miaka miwili. Utani wa kiwandani ulikuwa kwamba alianza kwa kutoa ufunguo akaishia kutoa posa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1973, na bendi ilipiga bila saksafoni kwa saa nzima, hadi bibi harusi alipochoka kuwasikia wakibahatisha, akaomba aletewe sanduku. Kuna picha. Shela iko begani na mashavu yamejaa. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 1975 na mwana mwaka 1980. Shemeji yetu alitangulia mwaka 2004, na hadi mwisho alikuwa akisema hajui muziki, anajua tu ni wakati gani mke wake amekosea.

Bendi ilipiga Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa kantini, meza zikisukumwa ukutani. Anayesoma si mtaalamu, lakini amesikiliza bendi nyingi tangu wakati huo, kubwa na zenye majina, na anasema bila haya kwamba ile ilikuwa bora kuliko nyingi zilizopata sifa. Waliimba mambo ya pale pale: msimamizi anayetembea kwa kunyata, mke wa zamu ya asubuhi na mume wa zamu ya mchana wanaoonana getini. Wimbo wao mkubwa uliitwa "Uzi Umekatika". Ndani yake magitaa yanakwenda kama mashine ya kufuma, halafu yote yananyamaza, na saksafoni inaingia peke yake, taratibu, kama mtu anayetafuta ncha ya uzi. Watu waliacha kucheza hapo. Walisimama tu, wengine wakiwa wameshikana mikono hewani, wakimngoja aipate.

Alhamisi, tarehe 19 Agosti 1976, walikwenda studio ya redio kurekodi nyimbo kumi na moja. Kipaza sauti kilikuwa kimoja. Saksafoni ilizidi nguvu, kwa hiyo marehemu alirudishwa nyuma hatua kwa hatua hadi akawa amesimama kwenye kizingiti, nusu yake korido. Alipigia huko. Studio ilitaka orodha ya wapigaji, na fundi rangi, ambaye mwandiko wake haukusomeka, alikuwa amemwomba mdogo mtu aiandike siku moja kabla. Mdogo mtu akaandika majina saba, na kwa haraka akaweka "Bw." mbele ya yote. Ndiyo maana mtangazaji alisema kwenye saksafoni yupo Bwana fulani, na akaendelea kusema hivyo miaka kumi na mbili. Barua zilikuja kwa Bwana. Moja ilitoka kwa mwanamke aliyetaka kujua kama Bwana ameoa.

Mdogo wake alikaa na siri hiyo mwaka mzima, kisha akaungama. Marehemu hakuacha kukunja nguo alizokuwa akikunja.

"Niliiona karatasi palepale studio," alisema. "Mwandiko wako naujua tangu unaandika kwa mkaa."

"Mbona hukusema?"

"Taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa imewaka."

Mdogo wake alitaka kwenda redioni kusahihisha. Alimwambia aende akipenda. Hakwenda. Alijiambia atakwenda likizo ikifika, na likizo zikafika nyingi.

Mwaka 1978 bendi kubwa ya mji mwingine ilisikia kwamba Bwana ni mwanamke, ikatuma mtu. Nyumba iligawanyika. Mama alisema mwenye mtoto wa miaka mitatu haondoki. Shemeji alisema aende, mtoto atakula anachokula baba yake. Fundi rangi, ambaye ndiye angepoteza zaidi, alimbebea sanduku hadi kituo cha basi. Marehemu alirudi baada ya siku kumi na tisa. Watu walisema ameshindwa, na yeye hakubisha. Mumewe ndiye aliyemweleza mdogo wake kilichotokea. Walimshonea gauni la kumetameta, wakamweka mbele kabisa, apige nyimbo mbili watu washangae, kisha aketi pembeni na kutikisa kayamba hadi mwisho. Sehemu zake nyingine alipewa mwanamume. Siku ya kumi na nane alimwambia kiongozi wao, "Nyinyi mlitaka nionekane. Mimi nilikuja kusikika." Akavua gauni, akaliacha limekunjwa juu ya kayamba.

Kikohozi kilianza mwaka uliofuata. Pale kiwandani kiliitwa kifua cha Jumatatu, kwa sababu mtu alishinda vizuri Jumapili, akirudi kwenye vumbi Jumatatu kifua kinabana kama kimefungwa kamba, kisha kinalegea kidogo kidogo kufikia Alhamisi. Wengi walikuwa nacho. Kadiri miaka ilivyokwenda, Alhamisi ya watu ikawa Ijumaa, halafu ikawa haiji tena. Daktari wa zahanati alimpa dawa ya kikohozi na kumshauri asipulize saksafoni, kwamba ndiyo inayomchosha mapafu. Alimsikiliza kwa heshima. Njiani akamwambia mdogo wake kwamba daktari amekosea chombo. Mwaka 1983 walimhamishia ukaguzi wa vitambaa, kwenye madirisha makubwa na hewa safi. Alikuwa amekaa kwenye vumbi miaka kumi na minne.

Aliendelea kupuliza. Na hapa anayesoma anaomba kumtaja fundi rangi kwa shukrani, maana alizikwa mwaka 2001 bila wasifu wowote. Kuanzia mwaka 1984 mtu yule alianza kuzipunguza nyimbo. Hakumwambia mtu. Mahali ambapo saksafoni ilivuta noti ndefu, aliingiza gitaa katikati, kama aliyenogewa, ili mwenzake apate kuvuta hewa. Mazoezi baada ya mazoezi, magitaa yaliongezeka na saksafoni ikawa vipande. Siku moja marehemu akamwambia, "Wimbo umekuwa mfupi."

"Ulikuwa mrefu mno," fundi rangi akajibu, akiangalia nyuzi zake.

Hawakuzungumza tena juu ya jambo hilo. Alipiga mara ya mwisho Jumapili, tarehe 6 Septemba 1987. Walipofika kwenye kimya cha "Uzi Umekatika", aliweka chombo mdomoni, akakiondoa, akatikisa kichwa. Fundi rangi akaingia, akaipiga sehemu ile yote kwa gitaa, noti kwa noti, polepole kama yeye. Marehemu alisimama pale hadi mwisho, saksafoni ikining'inia shingoni. Kisha akaifuta, akaitia sandukuni. Nyumbani alipika chakula kama kawaida na kukagua daftari la mwanawe.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1992. Saksafoni ilikuwa mali ya kiwanda, na waliokuja kuorodhesha vitu waliiandika kati ya feni na ngazi. Marehemu ndiye aliyeikabidhi, akatia sahihi. Baada ya hapo alishona sare za shule kwenye baraza ya nyumba yake, kwa cherehani ya miguu, hadi miguu nayo ilipohitaji hewa nyingi kuliko aliyokuwa nayo.

Mwaka 1994 wanabendi waliokuwa hai walikwenda redioni kuomba nakala ya nyimbo zao. Mtunza maktaba aliwapokea vizuri, akapekua makabati asubuhi nzima, akarudi na daftari. Kanda zilikuwa chache miaka ile, akasema, na nyimbo zao zilifutwa ili kurekodia vipindi vya kilimo. Aliwaonyesha mstari wenyewe, uliokatwa kwa wino. Fundi rangi aliuliza ni kilimo cha zao gani. Mtunza maktaba akaangalia. Ilikuwa pamba. Marehemu alicheka hadi akakosa pumzi, ikabidi aketi kwenye ngazi za jengo lile, na mdogo wake hakujua kama ambembeleze au acheke naye.

Siku hizi mbili watu wengi wamekuja nyumbani na kusema, kumbe mama huyu alikuwa mwanamuziki, mbona hatukujua? Jibu ni kwamba hamkuuliza, naye hakusema, na sisi wa nyumbani tulichoka kusema. Haya yote yangekwenda naye kaburini kama si mwalimu mmoja wa muziki, mwanamke, aliyekuta kwa fundi cherehani kaseti iliyorekodiwa kutoka redioni mwaka 1977. Ina nyimbo nne, nazo hazina mianzo. Alitafuta miezi mitano. Oktoba 2019 alibisha hodi, akasema ameelekezwa kwamba mzee wa saksafoni anaishi hapa. Mdogo wake akamwonyesha kwa kidole yule aliyekaa dirishani na bomba la hewa puani. Mwalimu akavua viatu mlangoni.

Walisikiliza kaseti. Marehemu hakulia, kama wengine tulivyolia. Alisikiliza kama mkaguzi wa vitambaa, akitafuta kasoro, na alizipata mbili. Mwalimu alipotoa kalamu kuandika habari zake, alimzuia, akamtaka aanze na wengine. Akamtajia wote sita, mmoja mmoja, pamoja na kazi ya kila mmoja: huyu rangi, huyu boila, huyu wa getini. Ilichukua muda, maana kila jina lilihitaji kupumua. La kwake akalitaja mwisho, akaongeza, "Na usiandike Bwana."

Kipindi kilirushwa Jumanne, tarehe 12 Novemba 2019, saa nane mchana. Umeme ulikatika mtaa mzima saa saba na nusu. Alikisikia kwa kusimuliwa na jirani aliyekuwa na redio ya betri, ambaye alikumbuka vizuri kwamba majina yote saba yalitajwa, na kwamba muziki ulikuwa mzuri. Jirani akaomba samahani kwamba hawezi kuuigiza.

Novemba mwaka jana alilazwa wodi ya kifua, kitanda cha kumi na moja karibu na mlango, na hakutoka tena. Mapafu yalikuwa yamekakamaa. Binti yake alishika zamu ya asubuhi, mdogo wake zamu ya mchana. Hatutawadanganya kwamba tulifanya yote kwa tabasamu. Tulichoka, naye alichoka kutuona tumechoka, na kuna siku tulikaa bila neno kwa sababu neno lilikuwa na gharama kwake.

Mwezi Mei alikuja mpiga tumba wa bendi, mwenye miaka themanini na moja, akitembea kwa fimbo. Alikaa, wakatazamana. Kisha marehemu akasogeza barakoa ya hewa pembeni.

"Studio," alisema. "Wimbo wa tatu. Uliwahi kuingia."

"Sikuwahi. Wewe ulichelewa."

"Nilikuwa korido."

"Korido si kisingizio."

Walibishana hivyo nusu saa, maneno mawili, hewa, maneno mawili, hewa. Muuguzi alikuja kuwanyamazisha, akaangalia kipimo cha mapigo ya moyo, akawaacha waendelee. Hawakuafikiana. Mpiga tumba yuko hapa leo, na ametuomba iandikwe kwamba msimamo wake haujabadilika.

Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili. Binti yake alikuwa amemshika mkono. Mdogo wake, aliyekuja mapema siku ile, alikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, wa nne kutoka mbele.

Ameacha binti mmoja na mwana mmoja, mkwe wa kike, wajukuu watano na kitukuu. Ameacha kaka mmoja na wadogo zake wawili. Ameacha mpiga tumba, na mwimbaji aliye mbali ambaye afya haikumruhusu kusafiri. Kati ya wanawake ishirini na wawili walioanza naye chumba cha kuchambulia pamba, zamu ya asubuhi, ameacha watatu. Wamekaa mstari wa mbele, na tunaomba wasisimamishwe.

Pumzi aliyopungukiwa nayo kwetu, akaijaze huko aendako, kifua tele. Apumzike kwa amani.